Kompyuta Ikituuliza, Na Ituulize Waziwazi

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana. Si jambo la chakula wala la mabweni, maana hayo wenzangu wameyaandika vya kutosha katika matoleo yaliyopita. Ni jambo la yale maswali ya usalama ambayo kompyuta humwuliza mtu siku anapoiwekea mfumo endeshi mpya. Najua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, mpaka nilipowapotezea wadogo zangu wa kidato cha pili kazi yao ya muhula mzima.

Nitaeleza kwa kifupi. Katika chumba chetu cha kompyuta palikuwa na mashine moja kuukuu iliyokuwa ikizimika ovyo. Wiki ya mwisho ya muhula mwalimu alituruhusu sisi wa chama cha kompyuta kuifuta na kuiwekea mfumo mwingine, wa bure, unaotiwa kwa flashi. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vitabu vya maktaba, vitabu 1,100 na zaidi, ambayo vijana wa kidato cha pili walikuwa wameipiga chapa tangu muhula ulipoanza. Tukaihamishia orodha hiyo katika flashi ya kuazima, kisha mimi nikakaa mbele ya kioo, nikaanza kazi.

Maswali yakaja kwa Kiingereza, moja baada ya jingine: lugha ipi, saa za wapi, jina lako nani. Kisha likaja swali lenye kisanduku kidogo, likisema kwamba nikitaka, diski yote itasimbwa kwa ajili ya usalama. Basi nani akataaye usalama? Nikatia alama ya vema. Nikaombwa neno la siri. Nikatunga refu, lenye herufi na tarakimu, kama tulivyofundishwa, nikaliandika katika kikaratasi na kukitia mfukoni mwa shati. Kazi ilipokwisha tukairudisha orodha ya vitabu mahali pake, flashi tukamrudishia mwenyewe, naye akaifuta apate kuweka mambo yake. Tukafunga shule, tukaenda makwetu.

Msomaji mwenye akili amekwisha kujua yaliyofuata. Shati lilifuliwa. Tuliporudi nikawasha mashine, nayo, kabla ya kuonyesha kitu chochote, ikataka neno la siri. Nilijaribu maneno yapata 40 kwa siku tatu. Mwalimu akamwita fundi kutoka mjini. Fundi akaitoa diski, akaiunga na mashine yake, akatazama, akatikisa kichwa. Alisema kwamba tranka likipotea ufunguo yeye hulivunja kwa nyundo, lakini hapo hapana nyundo. Vijana wa kidato cha pili wakaanza tena kitabu cha kwanza. Hawakunitukana. Mmoja wao tu aliniuliza kwa upole, "Kaka, ulifunga ili nani asione? Majina ya vitabu vya maktaba?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma habari hizi kwa bidii, nami nimefikia neno moja ambalo ndilo shabaha ya makala hii: swali la usalama lisilosema ni adui gani anayezuiwa, na ni hasara gani itakayompata mwenye mali akipoteza ufunguo, si swali. Ni kama kumfumba mtu macho na kumwambia achague njia.

Kwanza yafaa tujue ni nini tunachoulizwa, maana kosa kubwa ni kudhani kwamba maneno yote ya siri ni mamoja. Mfano wetu sisi tulalao bwenini ni mwepesi. Shuleni kuna mlinzi wa lango, kuna mlango wa bweni, na kila mwanafunzi ana tranka lake lenye kufuli. Vitu hivi vitatu hulinda, lakini kila kimoja humzuia mtu wake.

Neno la siri la kuingilia, ambalo twaliandika kila asubuhi chini ya jina letu, ni mlango wa bweni. Humzuia mwenzako asikae katika kiti chako akasoma barua zako. Lakini mwizi akiichukua mashine nzima, akaitoa diski na kuiunga na kompyuta nyingine, neno lile halimzuii hata kidogo, maana hakupita mlangoni. Amebomoa ukuta wa nyuma. Watu wengi hawalijui jambo hili. Hudhani kwamba kwa kuwa mashine yao yadai neno la siri, basi yaliyomo yamefungwa.

Kusimba diski ndilo tranka. Kusimba maana yake ni kuyageuza yaliyoandikwa yawe fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Mifumo ya Linux, kama vile Ubuntu, Fedora na Debian, kwa kawaida hufanya kazi hiyo kwa utaratibu uitwao LUKS. Na fumbo lenyewe aghalabu ni lile liitwalo AES, lililobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kukubaliwa na serikali ya Marekani kuwa kanuni mwaka 2001. Ukitumiwa ufunguo wa biti 256, hesabu ya funguo ziwezekanazo ni namba yenye tarakimu 78. Ndiyo maana fundi wetu hakuwa na nyundo. Wala haikuwa kasoro ya fumbo. Hiyo ndiyo kazi yake. Kufuli linalomtii mwizi mwenye bidii si kufuli, na kompyuta haikuwa na njia ya kunipambanua mimi na mwizi.

Mlinzi wa lango ni kile kinachoitwa Secure Boot, kilichoanza kuenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Kabla mfumo haujaamka, mlinzi huyu hukagua mhuri wa kila programu itakayoiamsha mashine, na isiyo na mhuri unaokubalika huikataa. Hamzuii mwizi wa diski, wala hamzuii mwenzako wa bweni. Huzuia programu mbaya isijipenyeze mapema kabla walinzi wengine hawajaamka.

Sasa tazama jinsi mambo haya matatu yanavyochanganywa siku ya kuweka mfumo. Mtu akiweka Ubuntu katika mashine ambayo Secure Boot imewashwa, na akiomba zitiwe pia draiva za watengenezaji wengine, aweza kutakiwa atunge neno jingine la siri. Hili silo la kuingilia, wala silo la diski. Ni la kutumiwa mara moja tu: mashine ikiwaka tena utatokea ukurasa wa buluu, na hapo mtu atakiwa kuchagua kuandikisha ufunguo mpya na kulitaja neno lile, ili mlinzi wa lango aukubali mhuri wa zile draiva. Ukurasa huo hungoja sekunde chache tu. Asiyejua huuacha upite, au huogopa akachagua kuendelea. Mashine huwaka vizuri, lakini draiva ile haifanyi kazi, na ikiwa ni ya wai-fai basi wai-fai hakuna. Naye mtu huyo hudhani ameuziwa kompyuta mbovu. Hivyo katika saa moja mtu mmoja ameombwa maneno matatu ya siri, yote kwa visanduku vinavyofanana, na hakuambiwa kwamba la kwanza ni la kila siku, la pili likisahauliwa mali yote imekwenda, na la tatu aweza kulitupa kesho.

Debian nayo ina swali lake. Humtaka mtu atunge neno la siri la msimamizi mkuu wa mashine, na humwambia kwamba aweza kuliacha tupu. Mwanafunzi yeyote aliyefundishwa adabu ya kompyuta atashtuka: nimwache msimamizi mkuu bila neno la siri? Kumbe akiliacha tupu, akaunti ya msimamizi haiachwi wazi, bali hufungwa kabisa, na mtu wa kwanza aliyeandikishwa hupewa ruhusa ya kufanya kazi za usimamizi kwa neno lake mwenyewe. Maelezo hayo yapo palepale chini ya swali, lakini mwenye haraka husoma nusu tu, na nusu ile humtisha. Basi hapa lionekanalo hatari ni salama, na pale kwangu lililoonekana salama lilikuwa hatari.

Pengine mtu atasema kwamba kosa ni la wajinga kama mimi, na kwamba mwenye kusoma vizuri hapotei. Nakubali sehemu yangu. Kikaratasi nilikiweka mimi, na flashi niliirudisha mimi kabla ya kufanya nakala nyingine. Lakini si sisi tu. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Alma Whitten na J. D. Tygar, walitoa habari za jaribio walilowafanyia watu 12 kwa programu ya kusimba barua iliyoitwa PGP 5.0, ambayo siku hizo ilisifiwa kwa wepesi wake. Watu hao walipewa dakika 90. Wengi wao walishindwa kutuma barua iliyosimbwa vizuri, na 3 kati yao waliituma siri yenyewe wazi kwa bahati mbaya. Hawakuwa watoto wa kijijini walioona kompyuta jana. Walikuwa watu waliozoea kutuma barua kwa kompyuta. Ikiwa watu namna hiyo hupotea, basi njia yenyewe haina alama.

Wako wengine wanaosema: kwa kuwa watu hawajui kuchagua, wasiulizwe, wenye hekima wachague kwa ajili yao. Njia hiyo nayo imekwisha kujaribiwa. Katika Windows 11, toleo la 24H2 lililotoka mwaka 2024, mtu akiweka mfumo upya katika mashine inayofaa na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, diski husimbwa yenyewe bila kuulizwa, na ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 huwekwa katika akaunti ile. Nakiri kwamba katika njia hii kuna wema. Kama ingekuwa hivyo kwangu, huenda orodha ya vitabu ingeokoka. Lakini nauliza: katika shule, akaunti ile ni ya nani? Yaweza kuwa ya fundi aliyekuja siku moja. Yaweza kuwa ya mwalimu ambaye mwakani atahamishwa mkoa mwingine. Siku mashine itakapoudai ule ufunguo, mwenye ufunguo yuko mbali, wala yeye mwenyewe hajui kama anao. Kumfungia mtu tranka lake bila kumwambia, na kumpa mpita njia ufunguo, si kumsaidia.

Mtu asinielewe vibaya akadhani kwamba nachukia kusimba. La, hasha! Kompyuta ya mkononi ya ofisi, ambayo hubebwa kwenda mjini na kurudi, ina majina yetu, alama zetu, namba za simu za wazazi, na pengine habari za maradhi ya mwanafunzi. Ikiibiwa basini bila kusimbwa, mambo yetu yote yamo mikononi mwa mwizi. Tena katika nchi yetu iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, nayo yamtaka mwenye kuweka habari za watu azilinde. Mashine kama hiyo na ifungwe leo kabla ya jua kutua. Lakini mashine ya maktaba, nzito, iliyokaa juu ya meza nyuma ya mlango wa chuma, yenye orodha ambayo kila mtu ana haki ya kuisoma, haina haja ya tranka. Adui yake si mwizi wa siri; adui yake ni umeme unaokatika, vumbi, na mimi. Dawa yake ilikuwa nakala ya pili, si kufuli. Hilo ndilo lililokuwa katika swali la yule mdogo wangu, wala hapakuwa na mahali popote katika kioo palipoliuliza.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wale wanaotengeneza mifumo hii, wa bure na wa kulipiwa. Kila swali la usalama liseme mambo matatu kwa maneno mepesi: linamzuia nani, linamgharimu nini mwenye mashine, na itakuwaje ufunguo ukipotea. Lisemwe kwa lugha ya mtu anayeulizwa. Mimi mwanafunzi nimejaribu kuandika swali lile lililonipoteza kama ambavyo lingefaa kuulizwa, nami naliweka hapa lihukumiwe:

"Je, wataka diski hii ifungwe kwa fumbo? Ikifungwa, mwizi atakayeichukua kompyuta hataweza kusoma kitu. Utatakiwa kutaja neno la siri kila unapoiwasha. Ukilisahau neno hilo, yote yaliyomo yamepotea, wala hakuna fundi duniani atakayeyarudisha. Kabla hujaendelea, liandike neno hilo mahali salama, umwonyeshe na mtu mwingine mmoja unayemwamini."

Hayo ni maneno machache tu, hayajazi hata nusu ya kioo. Kama ningeyasoma siku ile, nisingetia vema.

Ombi la pili ni kwetu wenyewe, na hili hatuna haja ya kungoja mtu wa mbali. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 yadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Basi shule zenye mashine kuukuu kama zetu hazina budi kuziwekea mifumo mingine, na maswali yale yatakuja tena, mbele ya mwanafunzi mwingine mwenye haraka. Nashauri liwepo buku moja la funguo, likae katika kasha la chuma la ofisi pamoja na hati nyingine. Kila mashine iandikwe humo: je, imesimbwa au la, nani aliiweka, tarehe gani, na neno la siri litiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi za watu wawili.

Tena kuna jambo jema katika LUKS ambalo wengi hawalijui. Neno lako la siri silo lifungalo diski. Diski hufungwa kwa ufunguo ambao kompyuta huubuni yenyewe, na ufunguo huo hutiwa kama katika bahasha; neno lako hufungua bahasha tu. Na bahasha zaweza kuwa nyingi: LUKS ya kwanza ina nafasi 8, na ya pili yaweza kuwa na nafasi hata 32. Maana yake, baada ya kuweka mfumo, mwalimu aweza kuongeza neno lake la pili, likawa kando la mwanafunzi, kila mmoja akafungua kwa lake. Kisanduku kile hakikuniambia habari hiyo. Kama ningalijua, mwalimu angaliifungua mashine kwa neno lake, na vijana wa kidato cha pili wasingalirudia kazi.

Na kabla ya kutia alama ya vema, kila mmoja wetu ajiulize lile swali nililoulizwa mimi: nafunga ili nani asione? Akikosa jibu, aweke kalamu chini, amwite mwenzake. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Lakini kujibu usiloelewa ni hatari, hata kama anayeuliza ni mashine.

Orodha ya maktaba imekwisha kuandikwa upya. Sasa iko katika mashine ile ile, bila fumbo, na nakala mbili ziko mahali pawili mbalimbali. Nami nilipiga chapa vitabu 300 vya mwisho jioni baada ya masomo, ingawa deni langu halijaisha kwa hayo. Mwenye maoni mengine na aandike katika toleo lijalo, nitafurahi kusahihishwa. Nimekoma hapa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne